Divai ya Tantine Iliposhuka Beni

Kwenye kilio cha Tantine Masika, mwezi uliopita, watu walicheka. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Kwetu Butembo, mashariki ya Kongo, kilio kisicho na kicheko hata kimoja ni kilio cha mtu ambaye hakuna aliyemjua. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, mvua inanyesha, sahani za wali na maharage magotini, na bwana mmoja wa mtaa wa chini akaanza: "Munakumbuka ile divai ya Tantine yenye ilipasukaka Beni? Batu balikimbia, banazani ni masasi!" Turubai zima likaangua kicheko: divai kudhaniwa risasi! Yule bwana akainuka, akaigiza jinsi fulani alivyoruka ua na jinsi mama fulani alivyoacha kiatu, na waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakajifuta machozi ya aina nyingine. Mimi nilikuwa nagawa chakula. Niliweka sahani chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na pipa la maji ya mvua nikingoja hasira initoke. Haikutoka. Hadithi hiyo imesimuliwa hivyo miaka yote, imekatwa pale pa kuchekesha, na Tantine alipokuwa hai tuliiacha ikatwe kwa sababu iliyobaki ilimuumiza. Sasa hakuna tena wa kumficha, kwa hiyo nitaisema yote.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari na sina kazi. Niliishi kwa Tantine, dada ya baba yangu, pamoja na kaka yangu Muhindo; tulifikaje pale si habari ya leo. Nyumba ilikuwa ya matofali, juu ya mteremko, na ndani kulikuwa na baridi kuliko nje, kama nyumba nyingi za Butembo. Salon, yaani sebule, ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuviegemea. Jiko lilikuwa nje, kuta nyeusi kwa moshi, na huko ndiko tulikoishi hasa. Kati ya salon na jiko kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, tulichokiita depo, na humo Tantine alipanga mapipa yake ya plastiki. Ukifungua mlango wa depo, harufu ya marakuja, matunda ya pasheni, ilikukamata kooni: tamu, kali, na nyuma yake harufu ya unga wa mkate uliochacha. Nguo zangu zote za mwaka ule zilinuka hivyo. Kanisani watu waligeuka kunitazama, wengine kwa huruma, wengine kwa kiu.

Marakuja yalitoka Masereka, juu ya magunia ya viazi ambavyo Muhindo aliuza. Tuliyakata nusu, tukayakomba kwa vijiko mpaka vidole vikawasha, tukachuja kwa kitambaa, tukatia maji yaliyochemka, sukari na hamira. Kisha Tantine alifunga pipa na kupitisha tiyo, mrija mwembamba, kwenye mfuniko, ncha ya pili ikazama ndani ya chupa ya maji, na humo divai ikapumulia, povu baada ya povu, mchana na usiku. "Ikiwa inasema, uiache iseme," Tantine alikuwa akituambia. "Ikinyamaza, imeiva." Sheria hiyo hakuisoma popote. Aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa mpishi wa kasikisi, pombe yetu ya ndizi, ambayo hukaa kwenye mtumbwi wa mti imefunikwa majani ya mgomba, ikachemka, ikanywewa, ikaisha, yote kabla ya juma kwisha. Kasikisi hakuna aliyewahi kuifungia popote. Wanywaji wenyewe hawangoji. Tumepika pombe tangu enzi za mababu, na muda wote huo hatukuwahi kuwa na haja ya kujua pombe hufanya nini ikikosa pa kutokea.

Aliiuza kwa bidoni, madumu ya plastiki. Wakatoliki waliinunua kwa jina lake, na jirani yetu mmoja Mprotestanti, mwimbaji wa kwaya, aliinunua kwa jina la juisi, eti daktari alimshauri kwa ajili ya tumbo. "Tumbo yake inauma kila siku ya mungu," Tantine alisema, akimjazia kikombe kingine. Tantine alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, na hakupenda mtu amuonyeshe jambo kwa kidole. Nilimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Muhindo alikuwa akishuka Beni kila juma na viazi, akapanda na mafuta ya mawese. Beni ni chini, kuna joto, watu wanalala bila blanketi na kakao inaanikwa kando ya barabara. Na mwaka ule watu wa Beni walikuwa wakichinjwa. Sitaandika mengi kuhusu hilo. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamelisikia kwenye redio mpaka wakazoea. Adui, ndivyo tulivyowaita, kwa sababu hatukuwa na jina lingine tulilokubaliana, alikuja mashambani na pembezoni mwa mji, na kesho yake redio ilitaja jina la kijiji. Katikati ya hayo kaka yangu akampata Katungu, msichana wa sauti nene aliyeuza mafuta sokoni. Alimpunja mafuta, Muhindo akarudi kugombana naye, na juma lililofuata akarudi tena bila kisingizio cha ugomvi.

Siku ya mahari nilikuwepo. Mbuzi walifungwa kwenye ua, tukala kuku na sombe, majani ya muhogo, iliyoiva vizuri kwa mawese, na baada ya kula Papa Kasereka, baba wa Katungu, akaomba watu wanyamaze. Alikuwa mkulima wa kakao, mrefu, mwenye kikohozi kikavu. Nilidhani ataombea ndoa. Badala yake akatueleza utaratibu wa nyumba yake. Katika nyumba nyingi za Beni mwaka ule kila mtu mwenye nguvu alikuwa na mtu wake. Masasi yakilia hutafuti viatu, hutafuti simu. Unamshika mkono mtu wako, mnatoka. Yeye mtu wake alikuwa mama yake kikongwe. Mkewe alikuwa na mtoto wa mwisho. Katungu alikuwa mkubwa, alijishika mwenyewe.

"Bon, leo tunabadilisha," Papa Kasereka akasema. "Muhindo, mbuzi tumeiona, wasingya, aksanti. Mais lakini mimi hapana kupatia mutu mutoto yangu juu ya mbuzi. Kuanzia leo mutu yako ni Katungu. Ukiwa hapa na masasi inalia, mukono yake iko mu mukono yako. Unasikia?"

"Nasikia, papa."

"Sema."

"Mukono yake iko mu mukono yangu."

"Papa, huyu anabebaka magunia ya viazi," Katungu akadakia, "mimi nitamushinda?" Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akatabasamu. Lakini baadaye, nilipokuwa nasugua masufuria nyuma ya jiko, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia Tantine kwa sauti ya chini: "Mama, munipelekee ye mbio. Mbele ya kakao ikomae. Hapa sitaki ye aone mwaka ingine." Tangu siku hiyo harusi haikuwa tena sherehe tu kwangu. Ilikuwa gari la kumtoa Katungu kule, na ilisogezwa mbele kadiri ilivyowezekana.

Hapo ndipo lilipoingia suala la chupa. Tantine alikataa katakata divai yake iende ukweni kwenye bidoni. "Bidoni ni ya petroli," alisema. "Tutapelekea bakwe petroli?" Tukaenda mjini sote watatu, yeye kavaa kitenge cha Jumapili, kwa mfanyabiashara aliyeleta vyombo kutoka Kampala na mbali zaidi. Alikuwa na mashine mbili, akaziweka juu ya meza sambamba. Ya kwanza ilikuwa ya vizibo vya gome: mikono miwili ya chuma, unaisukuma chini, kizibo kinabanwa na kuzama kwenye shingo ya chupa. Ya pili ilikuwa ya vifuniko vya chuma kama vya bia: kigogo kilichosimama, mkono mrefu wa kuvuta, na kikombe kidogo chenye sumaku kinachokamata kifuniko kisianguke. Muhindo aliipenda ya kwanza. "Ya bushon njo ya divai," alisema. "Batu banafungua, inalia pô, banajua kama ni harusi." Mfanyabiashara akakuna kidevu. "Ni mashine muzuri, mais bushon yenyewe inatoka Kampala, na chupa ya divai mutaitoa wapi? Ya kapsule, chupa ya bia iko kila kona." Tantine alivuta ile mikono, moja baada ya nyingine, kama anayepima uzito wa kuku sokoni. Mwishowe mfanyabiashara, aliyemjua na kujua kwamba hatatoka pale mapema, akatuazima ile ya vizibo tukaijaribu.

Tuliomba chupa tupu parokiani, zile za divai ya misa, tukachemsha vizibo vikalainika, na Muhindo akaziba chache, ulimi nje ya mdomo kwa bidii. Depo ilikuwa imejaa, kwa hiyo chupa zile tuliziweka jikoni, kwenye ubao ulio juu ya mbabula, jiko letu la mkaa, pahali penye moto. Kesho yake mchana tulikuwa tunakula fufu na samaki wadogo wakavu, wenye mchuzi mwingi wa nyanya. Pô. Kizibo kiligonga bati, kikadondoka ndani ya mchuzi mbele ya Tantine. Tukacheka mpaka Muhindo akapaliwa. Hatujamaliza kucheka, cha pili kikafuata. Tantine akakiokota kile cha kwanza, akakikung'uta mchuzi, akakiangalia kwa dharau. "Munaona? Bushon inatoroka. Kitu ya kutoroka mimi hapana kupeleka kwa bakwe." Jioni ileile Muhindo alirudisha mashine dukani na kuja na ile ya vifuniko.

Nimekaa na kile kizibo kichwani miaka mingi. Divai yetu haikuwa imeiva. Zilikuwa wiki za mvua, ile baridi ya Butembo inayoingia mpaka kwenye mto wa kulalia, na mapipa yalikuwa yamenyamaza kwa sababu ya baridi, si kwa sababu kazi imekwisha. Pale juu ya mbabula ilipata joto kidogo ikaamka, na kizibo kikatuambia hivyo kwa njia pekee ambayo kizibo kinajua. Sisi tukasikia kwamba kizibo ni dhaifu. Nani angetuambia vinginevyo? Pombe inayopumua tuliijua. Iliyofungiwa hatukuwahi kukutana nayo.

Siku ya kujaza chupa ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwaka ule. Tulisugua chupa za bia kwa mchanga na maji ya moto tukazipanga kichwa chini juu ya majani. Tantine alionja pipa, akafikiri, akaongeza sukari. "Batu ya Beni banapenda kitu tamu." Mimi nilivuta divai kwa tiyo, Muhindo akajaza, Tantine akashika mkono wa mashine. Kifuniko kilikaa na mlio mdogo wa kuridhisha, na kila chupa aliigeuza juu chini, akaingoja karibu na jicho lake. Halikutoka hata tone. "Hii haitoroke," alisema, kila mara, na kila mara akatabasamu upya. Chupa za kahawia zilijaa kreti baada ya kreti. Jirani wa kwaya alikuja kuangalia akasema zinafanana na za kiwandani, na Tantine akampa moja kwa ajili ya tumbo.

Kreti nyingi zilitangulia Beni na Muhindo juu ya lori la viazi, mwanzoni mwa juma la harusi. Zikawekwa kwa Papa Kasereka, katika chumba kidogo cha bati kilichopakana na salon, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na kufuli. Mimi na Tantine tulishuka siku mbili kabla ya harusi. Nakumbuka jinsi joto lilivyotupokea tuliposhuka garini, na jinsi Tantine alivyovua sweta akacheka kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wa huku wanapenda kulala mchana. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba na divai imevua sweta yake.

Tulikula saa za alasiri, salon ya Papa Kasereka imejaa: wali, ndizi, samaki wa chumvi, pilipili iliyotuliza watu maneno. Bibi kikongwe alikuwa kwenye kona, miguu juu ya mkeka. Wanaume waliongelea viti na mafuta ya jenereta. Mama Katungu alikuwa akilalamika kwamba kwaya inataka kulishwa kabla ya kuimba. Katungu alikaa karibu na Muhindo, mlango ukiwa upande wa Muhindo, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria na kumtania kwamba mtu wa Butembo anayeyuka mapema. Kisha mlio mmoja, mkavu, ukutani. Maneno yakakatika. Ikapita pumzi moja, halafu milio mitatu imefuatana, halafu mingi, kwa maana chupa moja ilipopasuka ilivunja jirani zake. Hakuna aliyefikiria chumba cha bati. Beni mwaka ule mlio kama ule ulikuwa na maana moja tu.

Nilijitupa chini ya meza, na kutoka pale niliona miguu. Niliona ya Papa Kasereka ikienda kinyume na mlango, kwenye kona, akamwinua mama yake mzima mzima. Niliona ya Mama Katungu na ya mtoto, pamoja. Niliinua kichwa nikamwona Katungu amesimama, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, vidole vimefunguka, macho kwenye dirisha. Alikuwa anangoja kushikwa. Kiti cha Muhindo kilikuwa kimeanguka chali na mlango uko wazi. Barabara nzima ilikuwa inakimbia, vilio, watoto, pikipiki zikiondoka bila taa wala mpango. Na katikati ya hayo nikasikia harufu ya nguo zangu. Povu lilikuwa linapita chini ya mlango wa chumba kidogo, la njano, na mbegu moja nyeusi ikielea juu yake. "Ni divai," nikasema. Ilibidi niseme mara nyingi. "Ni divai! Ni divai!"

Askari walifika. Mmoja, kijana mdogo, aliingia na bunduki mbele akiuliza kwa Kilingala kuna nini hapa, "Likambo nini awa?" Akasukuma mlango kwa mguu, akaona vigae na povu, akachovya kidole akaonja, na akacheka mpaka akajishikilia ukutani. Majirani wakaanza kurudi, viatu mikononi, nao wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyejikuta bado ana kichwa. Hapo ndipo inapoishia hadithi ya kwenye kilio.

Muhindo alirudi jua likiwa limeinama. Alikuwa amefika barabara kubwa, akadandia pikipiki, akaenda mpaka mji unapoishia upande wa Butembo, na hapo ndipo alipopata simu kwamba ni chupa. Aliingia akicheka, kwa sababu njia nzima watu walikuwa wakicheka. Kisha akaona nyuso zetu. Papa Kasereka alikuwa amekaa, mama yake pembeni.

"Mutu yako iko wapi?" akamuuliza.

"Papa, nilizani..."

"Sikuulize ulizani nini. Mutu yako iko wapi?"

Muhindo alimtazama Katungu, na Katungu akatazama sakafu, iliyokuwa bado inanata. Tantine alipiga magoti pale pale kwenye divai yake. Sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti, kabla wala baada. "Ni mashine yangu," alilia. "Ni mimi nilichagua kapsule. Kosa ni ya divai, hapana ya mutoto!" Papa Kasereka akamshika bega, akamwinua kwa heshima. "Mama, mimi hapana kukasirikia divai. Muhindo ni mutoto muzuri. Mais hii ilikuwa chupa. Siku ya masasi ya kweli atanirudishia nini?" Akakohoa muda mrefu. "Harusi haiko. Bibi atashikwa na muke yangu. Katungu, kuanzia leo wewe ni mutu yangu. Mimi mwenyewe nitakushika."

Katungu alimkatalia baba yake uso kwa uso. Alisema kila mutu anakimbiaka, kwamba miguu haiulizi moyo, kwamba yeye anamtaka Muhindo hivyo hivyo na woga wake. Baba akasema hapana. Kesho yake Katungu, aliyeniita yaya kama mkubwa wake, aliniambia jikoni, akichambua mchele uliokuwa wa harusi: "Yaya, angenikamata nguo tu. Nguo tu, papa angenyamaza." Halafu akacheka kile kicheko chake kinene, na kilipofika katikati kikageuka kilio. Nilimsaidia kuchambua mchele.

Mbuzi walirudishwa. Walikuja juu ya lori la mawese, na Muhindo ndiye aliyelazimika kupanda na kuwashusha mmoja mmoja, mbele ya mtaa mzima. Chupa zilizokuwa zimebaki Butembo Tantine alizifungua nyuma ya jiko, kila moja akiifunika blanketi kwanza, akaimwaga chini. Mashine akairudisha kwa mfanyabiashara bila kudai chochote. Muhindo akaacha kula mezani na sisi. Mtaani wakampa jina, na jina hilo sitaliandika. Lakini aliendelea kushuka Beni, na Katungu aliendelea kumuuzia mafuta, na miezi ilivyopita mzee alilegea. Mjomba wetu alitumwa kwenda kuongea, akarudi na jibu ambalo Tantine alilirudia jikoni kutwa nzima kwa furaha: "Anasema kakao ikiisha kuvunwa, tutaongea."

Kakao ilikomaa. Ilikuwa inaoza mtini, watu walikuwa na njaa, na ikasemekana njia ya mashamba imetulia. Papa Kasereka alikwenda shambani na Katungu. Adui alikuwa ndani ya kakao. Habari ilitufikia kwa simu, asubuhi, Tantine akiwa anakoroga uji; aliendelea kukoroga muda mrefu baada ya kusikia, mpaka nikamnyang'anya mwiko.

Tulishuka kumzika Katungu. Muhindo alitaka kukaa nje ya ua, kama mtu baki, lakini Papa Kasereka alimtuma mtoto kumwita. Mzee alikuwa peke yake kwenye benchi, mkono wa kulia ameulaza juu ya goti, kiganja juu. Muhindo alisimama mbele yake bila kuthubutu kumsalimia.

"Ikala," mzee akasema. Muhindo akakaa. Mimi na Tantine tulikuwa nyuma yao, na watu wengine wachache wa nyumba ile.

"Mukono yake ilikuwa mu mukono yangu," Papa Kasereka akaanza. "Haki ya Mungu Nyamuhanga, niliishika. Masasi ikalia, nikaishika. Tukakimbia pamoja. Akaanguka, anasema papa, unigojee. Nilisikia ye anasema vile." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nikafika ku barabara. Nikaangalia mukono, hapana kitu. Kwako ilikuwa chupa. Kwangu ilikuwa masasi ya kweli. Miguu yetu ilifanya kazi moja."

Akageuka kumtazama Muhindo.

"Nikuulize, na usinidanganye. Kama ningekupatia ye ile siku, leo angekuwa muzima?"

Sisi tuliosimama tukatazama chini. Angekuwa mzima. Angekuwa Butembo, jikoni kwa Tantine, amevaa sweta mbili, analalamika baridi. Hakuna mtu pale ambaye hakujua. Na Muhindo, kuliko wote, alikuwa na haki ya kulisema, yeye aliyebeba jina la mwoga miezi yote ile, yeye aliyeshusha mbuzi. Niliona taya zake zikikaza. Nilitaka aliseme. Hadi leo sijui kama niliyetaka vile nilikuwa mtu mzuri.

"Hapana, papa," akasema. "Ile wiki, gari yenye tungepanda nayo, balifyatulia masasi mu njia. Tungekufa sisi bote."

Hakuna gari lililofyatuliwa masasi wiki ile. Tulipanda nalo wenyewe, mimi na Tantine na Muhindo, tukafika Butembo salama kabla ya chakula cha mchana. Tantine alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Tangu utoto kaka yangu alikuwa hajui kudanganya. Siku ile alidanganya bila kupepesa macho, na Papa Kasereka akamshukuru.